Kuandaa na kusoma slaidi ya moyo wa mbuzi: kutoka machinjioni hadi kwenye hadubini

Mwanafunzi anapoweka slaidi ya moyo chini ya hadubini kwa mara ya kwanza, hutafuta picha aliyoiona kitabuni: seli ndefu zenye matawi, milia iliyokingama, kiini katikati. Asipoiona, huilaumu slaidi. Mara nyingi slaidi haina kosa, ila wembe ulipita upande mwingine. Seli ya moyo na mshipa wa damu vyote vina urefu, na ukivikata kwa urefu, kwa mapana au kwa mshazari unapata picha tatu zisizofanana. Kwa hiyo kazi kubwa ya slaidi hii hufanyika kabla rangi haijaguswa: kipande kimetoka sehemu gani ya moyo, kimelazwa kuelekea wapi, na kimeingia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu isioze, katika hali gani.

Hatua zinazofuata zinafaa maabara ya chuo yenye mikrotomu ya kawaida (mashine ya kukata tishu vipande vyembamba sana), oveni, bafu la maji na hadubini ya mwanga. Asiye na mikrotomu anaweza kuishia kwenye fomalini, akapeleka vipande vyake kwenye maabara ya patholojia, kisha akaendelea na sehemu ya kusoma.

Moyo gani, na upatikane vipi

Chagua moyo wa mbuzi au kondoo uliopitishwa na mkaguzi wa nyama. Wa ng'ombe ni mkubwa bila faida yoyote ya ziada, na una matatizo mawili. Kwanza, mkaguzi huukatakata akitafuta viluwiluwi vya tegu, hivyo unafika buchani ukiwa na mikato isiyokufaa. Pili, ng'ombe ana mfupa ndani ya moyo, karibu na shina la aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni, na wembe wa mikrotomu ukiugusa umeharibika. Wanyama hawa wanaocheua wana faida moja kubwa kwa mwalimu: nyuzi zao za Purkinje, zinazosambaza umeme wa moyo, ni nene na zinaonekana wazi. Jan Purkinje mwenyewe alizieleza mwaka 1839 kutokana na moyo wa kondoo.

Zungumza na mchinjaji mapema, iwe ni Vingunguti, Kiamaiko au machinjio ya mtaani kwenu. Wachinjaji hukata sehemu ya juu yenye mafuta na mishipa na kuitupa, na hiyo ndiyo nusu ya somo lako. Mwombe auache moyo na mishipa yake, angalau sentimita 3 juu ya moyo. Vaa glavu tangu hapo, kwa sababu damu na tishu mbichi za mbuzi zinaweza kubeba bruselosi au homa ya Bonde la Ufa.

Usikubali moyo uliotoka kwenye friza. Maji yaliyomo ndani ya seli yakiganda huwa vipande vya barafu vinavyotoboa misuli, na slaidi yako itajaa matundu ambayo hakuna rangi itakayoyaziba. Hata njiani, barafu isigusane na nyama. Weka kitambaa kinene katikati.

Moyo mbichi mno nao una tabu yake. Misuli ambayo bado inacheza hujikunja kwa nguvu inapoguswa na kisu na fomalini, na kwenye slaidi mikunjo hiyo hutokea kama mikanda myekundu iliyokolea, iliyokingama kwenye seli. Mikanda ya namna hiyo huonekana pia katika moyo wa mtu aliyepata shambulio la moyo, kwa hiyo hii si dosari ya kudharau. Kama umefika machinjioni na moyo bado unatetemeka, uzamishe kwa dakika 10 katika maji ya chumvi ya 0.9% yaliyoongezwa gramu 2 za potasiamu kloridi kwa kila lita. Potasiamu husimamisha misuli ikiwa imelegea. Kama moyo umeshakaa saa 1 au 2 na umetulia, acha hatua hiyo. Lakini usichelewe mpaka jioni, kwa maana endothelia, ule utando mwembamba unaotandaza ndani ya mishipa, ni kati ya vitu vinavyobanduka mapema.

Kukata vipande

Suuza damu kwa maji ya chumvi ya 0.9%. Maji matupu huvimbisha seli na kupasua chembe nyekundu za damu. Tumia wembe mpya au kisu cha upasuaji. Mkasi huponda kingo, na pale ulipoponda utaona viini vilivyorefushwa kama nyuzi za buluu.

Fungua ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo, kwa mkato mmoja kutoka juu hadi kwenye ncha ya moyo. Utaona misuli ya papilari, vinundu virefu vilivyosimama ukutani na kushikwa na nyuzi nyeupe za vali. Hapa ndipo pa kupatia picha ya kitabuni. Katika ukuta wa ventrikali nyuzi za misuli hugeuka mwelekeo kadiri unavyoingia ndani: zilizo karibu na uso wa nje hupanda kwa mshazari, za katikati huzunguka chumba kwa ulalo, na za ndani hupanda kwa mshazari wa upande wa pili. Ukikata ukuta utapata mchanganyiko tu, lakini katika msuli wa papilari nyuzi nyingi zinaelekea upande mmoja, sambamba na urefu wa kinundu.

Chukua vipande hivi, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 3, na kisizidi 4:

1. Msuli wa papilari uliopasuliwa kwa urefu.
2. Msuli wa papilari wa pili, au nusu iliyobaki, uliokatwa kwa mapana.
3. Ukuta mzima wa ventrikali ya kushoto, kuanzia uso wa nje hadi wa ndani. Ukiwa mnene kuliko nafasi ya kaseti (kisanduku kidogo cha kubebea tishu), ugawe mara mbili na uweke alama upande wa ndani.
4. Ule mkanda mwembamba unaovuka ventrikali ya kulia kutoka ukuta wa katikati hadi ukuta wa nje. Katika mbuzi unaonekana kwa macho kama kamba nyeupe au ya waridi. Ndani yake umepita mfumo wa umeme wa moyo, na hakuna mahali rahisi zaidi pa kupata nyuzi za Purkinje. Kata kipande kimoja kwa mapana na kingine kwa urefu.
5. Pete ya aota, pete ya vena kava (vena kubwa inayorudisha damu moyoni), na kipande cha mafuta ya kwenye mfereji wa mbele ya moyo, ambamo ateri ya koronari na vena yake hulala pamoja.

Pete za mishipa zisimame kwa ukingo ndani ya kaseti, ili wembe upite tabaka zote kwa zamu. Aota iliyolala kifudifudi itakupa uso wa tabaka la ndani peke yake, na utatafuta ukuta usiuone. Iwapo pete inaanguka, ifunge kwa kipande cha karatasi ya chujio au ishikize kwenye sifongo ya kaseti. Andika majina kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi, na kufikia kesho yake hutajua kipi ni aota na kipi ni vena.

Fomalini

Kwa lita 1 ya fomalini ya 10% iliyosawazishwa unahitaji mililita 100 za fomalini kali ya dukani (37 hadi 40%), mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye sodiamu moja, na gramu 6.5 za sodiamu fosfeti yenye sodiamu mbili isiyo na maji. Pima pH, iwe karibu na 7. Hizo chumvi mbili zisirukwe. Fomalini isiyosawazishwa huwa asidi kadiri inavyokaa, na asidi ikikutana na damu hutengeneza vumbi la kahawia iliyokaribia weusi. Moyo, kwa wingi wa damu yake, huathirika kuliko tishu nyingi.

Kiasi cha fomalini kiwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tishu. Iache katika joto la kawaida la chumba, kwa saa 24 hadi 48. Fomalini hupenya polepole, takriban milimita 1 kwa saa ya kwanza na kuendelea kupungua, ndiyo maana moyo mzima uliotumbukizwa ndani ya kopo hubaki mwekundu na kuanza kuoza katikati huku nje ukiwa mgumu na wa kijivu. Fanyia kazi penye hewa inayopita vizuri. Fomalini huchoma macho na koo, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi la 1, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka.

Kutoka alkoholi hadi nta

Hatua hii haina mengi. Alkoholi ya 70%, 80% na 95%, saa 1 kila moja. Alkoholi kamili mara 3, saa 1 kila mara. Zailini, kiyeyusho cha nta na mafuta, mara 2, saa 1 kila mara. Nta ya parafini iliyoyeyuka kwenye nyuzi joto 58 hadi 60 za Selsiasi, mara 2 au 3, saa 1 kila mara. Usiongeze muda kwa kudhani unafanya vizuri zaidi. Misuli ya moyo iliyokaa mno kwenye alkoholi kamili na nta ya moto hukauka na kuvunjika, na kila mkato utakuwa na nyufa zinazofuatana. Aota huvumilia kidogo zaidi.

Unapomimina nta kwenye kalibu, huo ndio wakati wako wa mwisho wa kuamua mwelekeo. Kandamiza uso unaotaka kuuona uelekee chini, na pete zisimame wima. Nta ikishaganda, njia ya kurekebisha ni kuyeyusha upya.

Mikrotomu

Punguza kitalu, yaani bonge la nta lenye tishu, hadi tishu yote ionekane, kisha kiweke uso chini juu ya barafu yenye unyevu kwa dakika 10. Unyevu hulainisha misuli na baridi huikaza nta. Kata mikromita 4 hadi 5 (mikromita 1 ni sehemu ya elfu ya milimita). Bafu la maji liwe nyuzi 45 hivi. Likiwa moto kupita hapo, nta hutawanyika na seli huachana. Okota kwa kioo safi, simamisha kioo maji yachuruzike, kisha kausha kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa dakika 30 hadi 60. Aota ndiyo hubanduka kirahisi kwenye kioo kwa sababu ya elastini yake, protini inayonyumbuka kama mpira. Ipe saa nzima, na kama unavyo vioo vilivyopakwa gundi maalumu, vitumie kwa hiyo.

Rangi mbili zinazotosha

Haematoksilini na eosini ndiyo rangi ya kila siku. Toa nta kwa zailini mara 2, dakika 5 kila mara. Shuka kwenye alkoholi kamili mara 2, kisha 95% na 70%, dakika 2 kila moja, halafu maji. Haematoksilini ya Harris, iliyochujwa asubuhi hiyo, dakika 5 hadi 8. Suuza. Ingiza kwenye alkoholi ya 70% yenye asidi hidrokloriki ya 1% kwa sekunde 2 hadi 5 tu, na urudishe kwenye maji mara moja. Sasa acha maji ya bomba yapite kwa dakika 5 hadi 10, mpaka viini vigeuke kutoka wekundu wa zambarau hadi buluu. Badiliko hilo linahitaji maji yenye alkali kidogo. Panapotumika maji ya mvua au yaliyotoneshwa viini hubaki vyekundu. Tumia basi maji yenye amonia ya 0.2% kwa sekunde 30, kisha suuza. Eosini ya 1%, dakika 1 hadi 2. Suuza kidogo, panda alkoholi ya 95% na kamili mara 2, zailini mara 2, tone la gundi ya DPX, na kioo cha kufunikia.

Chunga eosini kuliko kitu kingine. Moyo hunywa eosini nyingi, na ikizidi, milia na diski za kuunganishia seli hufunikwa na wekundu mmoja. Alkoholi ya 95% ndiyo inayoipunguza. Ongeza majosho hapo, ukiangalia kwa lenzi ya 10 kati ya josho na josho.

Kwa mishipa tumia rangi za Verhoeff na van Gieson. Changanya kwa mfuatano huu: mililita 20 za haematoksilini ya 5% katika alkoholi kamili, mililita 8 za feriki kloridi ya 10%, na mililita 8 za iodini (iodini 2%, potasiamu iodidi 4%). Ichanganye siku hiyohiyo na uitumie ndani ya saa 2 au 3. Tia rangi kwa dakika 30, mpaka kipande kiwe cheusi kabisa. Fifisha kwa feriki kloridi ya 2%, ukikagua kwa hadubini kila baada ya sekunde chache, na usimame nyuzi za elastini zikiwa nyeusi huku nyuma yake kukiwa kijivu. Simama mapema kidogo, kwa sababu van Gieson nayo itaendelea kufifisha. Suuza, sodiamu thayosalfeti ya 5% dakika 1, suuza tena, kisha van Gieson dakika 3 hadi 5, na uende moja kwa moja kwenye alkoholi ya 95%. Ukiiosha kwa maji hapo, njano itaondoka. Elastini itakuwa nyeusi, kolajeni nyekundu, misuli ya njano. Asidi ya pikriki iliyomo kwenye van Gieson isiachwe ikauke kwenye mdomo wa chupa. Ikiwa kavu hulipuka.

Kusoma misuli

Anza na lenzi ya 4, ujue uko upande gani wa ukuta. Mafuta huonekana kama matundu meupe yenye kuta nyembamba kwa sababu zailini imeyayeyusha; yakiwa kwenye ukingo, huo ni uso wa nje wa moyo. Nenda lenzi ya 10, tafuta eneo ambalo nyuzi zimelala kwa urefu, kisha panda hadi 40.

Punguza mwanya wa kondensa, lenzi ya kukusanya mwanga iliyo chini ya slaidi. Wengi huuacha wazi kabisa na kulalamika kwamba hawaoni milia. Milia ya moyo ina nafasi ya mikromita 2 hivi, ambao ndio urefu wa sakomia (kipimo kimoja cha mkazo wa msuli) moja iliyotulia, na lenzi ya 40 inaweza kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya hapo. Kinachokosekana ni utofauti wa mwanga na kivuli. Funga mwanya polepole mpaka milia itokee, na usiendelee, kwa sababu ukizidisha utaanza kuona mistari ya uongo pembeni mwa kila kitu.

Katika mkato wa urefu, seli ina upana wa mikromita 10 hadi 25 na urefu wa karibu 100. Hugawanyika matawi na kushikana na jirani zake. Kiini, kimoja au viwili, kipo katikati, kirefu na chenye ncha butu. Kwenye ncha zake mbili kuna eneo lisilo na milia, na katika mnyama mzee eneo hilo hubeba chembe za kahawia za lipofusini. Diski za kuunganishia seli hutokea kama mistari iliyokolea inayokatiza nyuzi, mara nyingi kwa ngazi badala ya kunyooka. Ngazi hiyo ina sababu. Sehemu zilizokingama hushika nyuzi za mkazo na desmosomu (vifungo vya seli) ili seli zisichanike moyo unapodunda, ilhali sehemu zinazoenda na urefu wa seli, ambako mvutano ni mdogo, ndiko ziliko njia nyingi za protini ya koneksini zinazopitisha ayoni kutoka seli hadi seli. Njia zenyewe hutaziona. Hadubini ya mwanga huishia takriban mikromita 0.2, na nafasi kati ya tando hizo mbili ni nanomita chache. Mitokondria nazo, ambazo huchukua karibu theluthi ya ujazo wa seli, utaziona kama chembechembe hafifu tu kati ya nyuzi.

Sasa geukia mkato wa mapana, ambako makosa ni mengi. Seli ni duara au pembe nyingi, zina ukubwa tofauti, na nyingi hazina kiini. Mtu huandika mara moja kwamba seli zimekufa. Piga hesabu kwanza. Kiini kina urefu wa mikromita 12 hivi ndani ya seli ya 100, na mkato wako una unene wa 5. Wembe utagusa kiini iwapo utapita ndani ya mikromita 17 kati ya hizo 100, yaani kwa seli yenye kiini kimoja ni kama seli 1 kati ya 6. Ukikuta kiini katika seli 1 kwa kila 6 au 5, tishu iko salama. Seli zilizokufa kweli hutambulika kwa mambo mengine: wekundu uliokolea, milia iliyopotea, viini vilivyosinyaa au kumeguka, na seli za kinga zilizokusanyika pembeni.

Kosa la pili la mkato wa mapana ni kuiita misuli ya moyo misuli ya mifupa, eti kwa sababu viini viko pembeni. Tazama tena kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Kile kiini cha pembeni kwa kawaida kiko nje ya seli. Ni cha endothelia ya kapilari. Katika moyo kuna takriban kapilari moja kwa kila seli ya misuli, nazo hukaa kwenye kona ambapo seli mbili au tatu zinakutana. Tafuta utando mwembamba wa waridi kati ya kiini na milia, na mara nyingi tundu dogo lenye chembe nyekundu ndani yake.

Hapo kuna tahadhari ya kipimo. Wanaozoea tishu za binadamu hutumia chembe nyekundu ya damu kama rula, kwa kuwa ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Ya mbuzi ina 3 hadi 4 tu. Anayepima kwa rula ya binadamu atapata seli za moyo wa mbuzi zenye upana maradufu ya ukweli. Rekebisha kwanza rula iliyo ndani ya lenzi ya jicho kwa kioo cha vipimo, kwa kila lenzi peke yake, na uandike thamani ya kila mgawanyo kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya hadubini.

Nyuzi za Purkinje

Chukua kipande cha ule mkanda wa ventrikali ya kulia. Utakuta mafungu ya seli kubwa zilizopauka, pana kuliko seli za kawaida, zimefungwa na kolajeni. Katikati ni weupe, kwa sababu glikojeni iliyokuwepo imeondoka wakati wa maandalizi, na milia michache imesukumwa pembeni. Kazi yake ni kusambaza umeme kwa kasi, si kuvuta, kwa hiyo nyuzi za mkazo ni chache.

Ukirudi kwenye ukuta wa ventrikali ya kushoto utazikuta pia chini tu ya tabaka la ndani. Na katika mbuzi, kondoo na ng'ombe huzikuti huko tu: huingia ndani ya ukuta, hata kukaribia uso wa nje. Kwa binadamu hubaki karibu na tabaka la ndani. Mwanafunzi akichora seli zilizopauka katikati ya ukuta wa moyo wa mbuzi, usimkatie alama.

Kusoma mishipa

Kila mshipa uliozidi kapilari una tabaka 3: intima ndani, media katikati, adventisia nje. Usikimbilie jina, jiulize kwanza umekatwa vipi, na viini vitakujibu. Seli za misuli laini huzunguka mshipa, na seli za endothelia hulala kufuata mkondo wa damu. Mshipa uliokatwa kwa mapana una viini virefu vilivyopinda kwenye media na vidoa vilivyochomoza kwenye intima. Uliokatwa kwa urefu ni kinyume: vidoa kwenye media, viini virefu kwenye intima. Ukishalijua hili, ule utata wa mishipa midogo unaisha kwa sehemu kubwa.

Aota kwa Verhoeff ni mfululizo wa mawimbi meusi kutoka intima hadi adventisia, na kati yake misuli laini na kolajeni. Kwa binadamu mtu mzima tabaka hizo za elastini huzidi 50 katika aota ya kifua. Adventisia yake ina mishipa midogo inayolisha ukuta wenyewe, kwa maana damu iliyo ndani ya aota haiwezi kufikisha oksijeni hadi tabaka za nje.

Ateri ya koronari ni ya namna nyingine: mstari mmoja mweusi uliojikunjakunja chini ya endothelia, kisha misuli laini tupu ya njano. Mikunjo hiyo ipo kwa sababu presha imeondoka na misuli imejikaza. Mnyama akiwa hai mstari huo umetandazwa. Vena iliyo kando yake ina tundu kubwa lisilo na umbo, ukuta mwembamba, na mstari mweusi uliokatikakatika au usiokuwepo. Walinganishe wawili hawa katika uwanja mmoja wa lenzi. Kumwita mmoja ateri bila kumwona jirani yake ni kubahatisha. Vena kava nayo hushangaza kwa adventisia nene kuliko media, yenye mafungu ya misuli laini yanayokwenda na urefu wa mshipa.

Arterioli ina upana chini ya mikromita 100 na safu 1 hadi 3 za misuli laini. Ikikatwa kwa mshazari, tundu huwa yai na ukuta huonekana mnene upande mmoja, jambo linaloweza kusomwa kama ugonjwa wa presha. Pima daima upana mfupi zaidi wa yai, na unene wa ukuta mahali ulipo mwembamba. Wembe ukipita ubavuni tu mwa arterioli, utaona rundo la seli lisilo na tundu. Hilo liache, nenda kwa nyingine.

Vitu vinavyodanganya

Ndani ya seli za misuli za mbuzi, kondoo au ng'ombe utakutana na mifuko mirefu ya buluu-zambarau, iliyojaa chembe ndogo zenye umbo la ndizi, bila uvimbe wowote kuizunguka. Ni vimelea vya Sarcocystis, na vimeenea sana katika mioyo ya wanyama hawa. Si kiini kikubwa, si chokaa, wala si seli ya saratani. Weka alama kwenye kioo, ni mfano mzuri wa kufundishia.

Mikanda myekundu iliyokingama ikiwa ukingoni tu mwa kipande, pale wembe ulipogusa, ni dosari ya moyo uliokatwa mbichi mno. Ikiwa imetawanyika hadi katikati, ichukulie kwa uzito. Nafasi nyeupe zinazotenganisha seli zote kwa usawa hutokana na kusinyaa kwenye alkoholi. Uvimbe wa maji wa kweli huwa na rangi hafifu ya waridi ndani ya nafasi hizo.

Madoa ya kahawia yanahitaji uamuzi. Yakiwa kwenye ncha za kiini, ndani ya seli ya misuli, ni lipofusini. Yakiwa yametapakaa juu ya chembe nyekundu na ndani ya mishipa, shuku fomalini yenye asidi: toa nta kwenye slaidi nyingine ya kitalu hicho, iloweke kwa saa 1 katika asidi ya pikriki iliyokolezwa kwenye alkoholi, suuza vizuri, kisha tia rangi upya. Madoa yakitoweka, mwaga fomalini iliyobaki na utengeneze nyingine kwa chumvi zote mbili. Yakibaki, tia rangi ya Perls, inayogundua chuma. Yakigeuka buluu ni chuma cha hemosiderini, na maana yake damu iliwahi kuvuja hapo mnyama akiwa hai.